Si roho ngumu: Kwa nini asiyetambua hisia zake hupata taabu kusoma za wenzake

MTU anayekaa msibani bila kudondosha chozi, au anayemkuta mkewe akilia na kumwuliza kama chakula kiko tayari, hapewi muda mrefu wa kujieleza. Majirani humwita mwenye roho ngumu, na ndugu wa mke hawakawii kusema kwamba binti yao ameolewa na jiwe.

Hukumu hiyo ina madhara yake. Ndoa huvunjika kwa sababu hiyo, mtoto hupachikwa jina la mkaidi asiye na huruma darasani, na mgonjwa hurudi nyumbani kutoka zahanati akiwa na vidonge vya kichwa ilhali kinachomsumbua si kichwa.

Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika nchi mbalimbali tangu miaka ya 1970, na hasa ule wa miongo miwili iliyopita, unaonyesha kwamba wengi wa watu wa aina hiyo hawakupungukiwa na utu. Walichopungukiwa ni kitu kinachotangulia huruma: uwezo wa kutambua kinachoendelea ndani ya nafsi zao wenyewe. Asiyejua kwamba yeye mwenyewe ana huzuni, atawezaje kuiona huzuni usoni mwa mwingine na kuijua kuwa ni huzuni?

Wataalamu wa saikolojia huiita hali hiyo aleksithimia. Neno lenyewe limeungwa kwa vipande vitatu vya Kigiriki vyenye maana ya ‘bila’, ‘neno’ na ‘hisia’.

Aliyelibuni mwanzoni mwa miaka ya 1970 ni Dk. Peter Sifneos, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Ugiriki aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Beth Israel mjini Boston, Marekani. Yeye na mwenzake, Dk. John Nemiah, walikuwa wakiwahudumia wagonjwa wenye maradhi ya mwili ambayo wakati huo yaliaminika kuchochewa na misukosuko ya nafsi.

Madaktari hao waliona jambo lililowatatiza. Wagonjwa wengi walipoulizwa walivyojisikia baada ya kupatwa na jambo zito, walieleza kwa kirefu matukio yenyewe na maumivu ya mwili, lakini walipofika kwenye hisia maneno yaliwaishia. Hawakuwa wakificha kitu. Hawakujua la kusema.

Daktari mwingine wa Marekani, Henry Krystal, ambaye mwenyewe alikuwa manusura wa kambi ya mateso ya Auschwitz, aliikuta hali kama hiyo kwa watu walionusurika mauaji ya Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kwa maoni yake, mtu aliyepitia mateso makubwa kupita kiasi anaweza kupoteza uwezo aliokuwa nao awali wa kutofautisha hisia moja na nyingine.

Leo kipimo kinachotumiwa zaidi ni hojaji iliyochapishwa mwaka 1994 na watafiti watatu wa Canada, Michael Bagby, James Parker na Graeme Taylor. Ina kauli 20, na anayeijaza huonyesha kwa alama 1 hadi 5 ni kiasi gani anakubaliana na kila kauli. Anayefikisha alama 61 kati ya 100 huhesabiwa kuwa na aleksithimia.

Kauli hizo hupima mambo matatu, ambayo ni ugumu wa kutambua hisia, ugumu wa kuzieleza kwa mwingine, na mazoea ya kuelekeza fikra kwenye vitu na matukio ya nje badala ya yale ya ndani ya nafsi.

Utafiti uliochapishwa nchini Finland mwaka 1999, uliohusisha watu 1,285 wa kawaida wasio wagonjwa wa hospitali, uliwakuta asilimia 13 wakiwa na hali hiyo. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 17 na kwa wanawake asilimia 10. Kwa hesabu hiyo, katika daladala iliyojaa abiria 30, hata wanne wanaweza kuwa nayo bila wenyewe kujua kwamba ina jina.

Ni vyema ikaeleweka kwamba huu si ugonjwa. Haumo katika orodha ya magonjwa ya akili iliyotolewa na chama cha madaktari wa magonjwa hayo cha Marekani mwaka 2013. Ni sifa ya nafsi yenye ngazi, kama ulivyo urefu wa mwili. Kila mtu anayo kwa kiasi fulani, wengine kidogo na wengine sana.

Wala si kweli kwamba mwenye hali hiyo hana hisia. Moyo humwenda mbio, viganja hulowa jasho na usingizi humpaa kama wengine. Tofauti ni kwamba hajui kama hiyo ni hofu, hasira, aibu au njaa tu ya mchana.

<b>Maumivu ya mwenzio katika ubongo wako</b>

Uhusiano kati ya kujitambua na kuwatambua wengine ulikuwa suala la wanafalsafa kwa karne nyingi. Ulipata sura mpya mwaka 2004, pale Tania Singer na wenzake wa Chuo Kikuu cha London (UCL) walipochapisha matokeo ya jaribio ambalo limeendelea kutajwa hadi leo.

Watafiti hao waliwaalika wanawake 16 pamoja na wapenzi wao. Mwanamke alilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, huku mwenzi wake ameketi kando, mkono wake ukionekana. Kila mmoja alifungwa kifaa mkononi kinachoweza kutoa mshtuko mdogo wa umeme unaouma. Alama za rangi ziliashiria ni nani kati yao angepata mshtuko huo, na kama ungeuma au la.

Mwanamke alipoumia mwenyewe, sehemu kadhaa za ubongo wake ziliamka. Mwenzi wake alipoumia, si zote zilizoamka. Zile zinazopima maumivu yako mahali gani ya mwili na ni makali kiasi gani zilikaa kimya. Zile zinazohusika na jinsi maumivu yanavyoikera nafsi, ikiwemo sehemu ya mbele ya insula, kipande cha gamba la ubongo kilichojificha ndani kando ya kichwa, ziliamka katika hali zote mbili.

Kwa maneno mengine, Waswahili wanaomwambia mfiwa kwamba msiba wake ni wao hawatii chumvi sana kama mtu angedhani. Sehemu ya ubongo inayobeba uchungu wa mtu mwenyewe ndiyo hiyo hiyo inayotumika kuubeba wa mwingine.

Insula ina kazi nyingine inayohusika moja kwa moja na suala hili. Ndiyo inayopokea taarifa za ndani ya mwili, kama vile mapigo ya moyo, pumzi, joto, njaa na kujaa kwa kibofu. Kutokana na taarifa hizo ndipo mtu huja kujua kwamba ameingiwa na hofu au amekasirika.

Ushahidi mmoja ulitoka kwa wanajeshi wa zamani wa Marekani waliojeruhiwa kichwani katika vita vya Vietnam. Utafiti wa Jeremy Hogeveen na wenzake uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kadiri sehemu ya mbele ya insula ilivyoharibiwa zaidi, ndivyo askari alivyokuwa na kiwango kikubwa zaidi cha aleksithimia.

Ikiwa chombo ni kimoja, basi kasoro ya upande mmoja hutarajiwa kuonekana na upande wa pili. Dhana hiyo ilihitaji kupimwa, na waliopimwa kwanza ni watu ambao kwa muda mrefu walibebeshwa lawama kuliko wengine wote.

<b>Usonji walaumiwa kwa kosa si lake</b>

Kwa miaka mingi vitabu vya saikolojia viliwaeleza watu wenye usonji kuwa ni watu wasioweza kuhisi pamoja na wengine. Maelezo hayo yalitoka vyuoni yakaingia mashuleni, yakafika hadi kwa wazazi ambao waliambiwa wasitarajie mtoto wao kuguswa na machozi yao.

Mwaka 2010, Geoffrey Bird, akiwa na Singer, Uta Frith na wenzao wengine, walilirudia jaribio la maumivu. Safari hii waliwaingiza kwenye mashine watu wazima wenye usonji na wasio na usonji, na kwa kila mmoja walipima pia kiwango cha aleksithimia.

Matokeo yalivunja mazoea. Nguvu ya mwamko wa insula wakati mwenzi anapoumia haikutegemea kama mtu ana usonji au hana. Ilitegemea aleksithimia. Mwenye usonji anayezitambua hisia zake aliitikia kama mtu mwingine yeyote, na asiye na usonji asiyezitambua za kwake aliitikia kwa udhaifu.

Sababu ya mkanganyiko wa awali ni kwamba mambo haya mawili huambatana mara nyingi. Uchambuzi wa Emma Kinnaird na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019 kwa kujumlisha tafiti nyingi, uliikuta aleksithimia kwa karibu asilimia 50 ya watu wenye usonji, ikilinganishwa na takriban asilimia 5 kwa watu wasio nao katika tafiti hizo hizo. Mtafiti asiyepima vitu viwili kwa kutenganisha huviona kuwa ni kimoja.

Lakini nusu ni nusu. Nusu ya pili ya watu wenye usonji hawafikii kiwango cha kuhesabiwa kuwa na aleksithimia, na bado walihesabiwa pamoja na wenzao. Ni vigumu kukadiria ni watoto wangapi walionyimwa maneno ya upole kwa sababu mtu mzima fulani alisoma kwamba wasingeyasikia.

Ushahidi mwingine ulikuja mwaka 2013. Richard Cook na wenzake wa London walitengeneza picha za nyuso zilizochanganywa kwa kompyuta, kutoka uso wa hasira hadi uso wa kinyaa, hatua kwa hatua. Watu walitakiwa kusema kila uso unaonyesha nini. Wenye kiwango kikubwa cha aleksithimia walikuwa na majibu yasiyo na msimamo, ilhali ukali wa usonji haukuonyesha uhusiano wowote na makosa hayo.

Jambo la kuvutia zaidi liko katika sehemu ya pili ya jaribio hilo. Watu hao hao walipoonyeshwa nyuso mbili na kuulizwa tu kama zinafanana au zinatofautiana, hawakuwa na shida. Macho yao yaliona kila kunyanzi na kila mkunjo wa mdomo. Kilichowashinda ni kusema mkunjo ule ni wa nini.

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Mwenye aleksithimia anaweza kumtazama mwenzake na kuona wazi kwamba uso umebadilika, na asijue umebadilikia upande gani, kwa sababu hana ndani yake mfano wa kulinganisha nao.

Pia si kila uelewa wa mtu mwingine hupita njia hiyo. Beth Oakley na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba kuna tofauti kati ya kusoma hisia na kusoma mawazo. Walitumia kipimo mashuhuri cha Simon Baron-Cohen cha kutambua hali ya mtu kwa kutazama picha za macho yake peke yake, chenye picha 36, na kingine cha kutazama filamu na kueleza wahusika wanafikiri na kukusudia nini.

Katika kile cha macho, aliyeshindwa ni mwenye aleksithimia, awe na usonji au la. Katika kile cha filamu, usonji ndio ulioleta tofauti. Kwa hiyo mtu anaweza kujua vizuri kwamba jirani yake anapanga kumzunguka katika biashara, na papo hapo asitambue kwamba jirani huyo ana huzuni.

Inafaa kuongeza kwamba Damian Milton, mtaalamu wa Uingereza mwenye usonji, alikwisha kueleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao ni kwa pande zote mbili. Wasio nao pia hushindwa kuwasoma wenye nao, ila wao hakuna anayewaandikia cheti.

<b>Kulemewa badala ya kutojali</b>

Kama aleksithimia ingekuwa ubaridi mtupu, jambo lingekuwa jepesi kulieleza. Hojaji nyingine inayotumiwa sana, ya Mmarekani Mark Davis ya miaka ya 1980, hutenganisha kuchukua nafasi ya mwenzio kwa fikra, kumjali, na kutaabika wewe mwenyewe unapomwona akitaabika. Wenye aleksithimia hupata alama ndogo katika lile la kwanza, lakini mara kwa mara hupata alama kubwa katika lile la mwisho.

Maana yake ni kwamba machozi ya mtu mwingine huwafikia, tena kwa nguvu, ila huwafikia kama kelele. Tumbo hukaza, kichwa huzunguka, na wasijue kinatoka wapi. Mtu wa namna hiyo akiinuka na kutoka nje mkewe anapolia, anayemtazama huona dharau. Huenda anachokimbia ni dhoruba iliyomo kifuani mwake ambayo hana jina la kuiita.

Utafiti wa Yoshiya Moriguchi na wenzake wa Japan, uliochapishwa mwaka 2007, uligusa jambo hilo. Wanafunzi wenye aleksithimia walipotazama picha za mikono na miguu ikiwa katika hali ya kuumia, waliyakadiria maumivu hayo kuwa madogo kuliko wenzao walivyoyakadiria. Hata hivyo, upande wa kulia wa insula yao ulionyesha mwamko mkubwa zaidi, si mdogo. Matokeo hayo hayapatani moja kwa moja na yale ya London, na wataalamu hawajamaliza kuyasuluhisha.

Wala haifai kuipamba hali hii kwa maua. Jaribio la Oriel FeldmanHall na wenzake wa Cambridge, lililochapishwa mwaka 2013, liliwapa watu fedha na kuwaambia kwamba wanaweza kuzitoa ili kumpunguzia mwingine mshtuko wa umeme. Wenye kiwango kikubwa cha aleksithimia walitoa kidogo zaidi. Kutotambua kuna gharama, na mara nyingi anayeilipa ni yule aliye karibu.

<b>Tumbo joto, roho juu</b>

Kwa wasomaji wa Kiswahili kuna swali ambalo haliwezi kurukwa. Hojaji hizi zilitungwa Amerika ya Kaskazini, mahali ambapo mtu mwenye afya ya nafsi hutarajiwa kukaa mbele ya mtaalamu na kuzitaja hisia zake moja baada ya nyingine. Je, anayeeleza taabu zake kwa kutaja viungo vya mwili ndiye asiyezijua?

Mwaka 1987, Laurence Kirmayer, daktari wa magonjwa ya akili wa Montreal nchini Canada, aliandika kwamba aleksithimia kwa sehemu ni jambo la kijamii. Alihoji kama wataalamu hawakuwa wakilichukua pengo lililopo kati ya lugha ya daktari na ya mgonjwa na kuligeuza kuwa kasoro ya mgonjwa.

Kiswahili kinampa ushahidi wa kutosha. Kinyongo kimetokana na nyongo. Mwenye hofu ana tumbo joto, au roho yake iko juu. Aliyevunjwa nguvu kwa maneno amekatwa maini, aliyekata tamaa amekufa moyo, na anayejipa ujasiri hupiga moyo konde. Mama anayesema roho yake iko juu kwa sababu mwanawe hajarudi hajashindwa kuitaja hisia. Ameitaja, tena kwa usahihi kuliko neno ‘wasiwasi’ lingeweza.

Tofauti iko kwingine. Anayesema roho iko juu anajua ni kwa sababu ya nini, na mwenzake anamwelewa. Anayesema kifua kinabana tangu wiki iliyopita, na asiunganishe kabisa na barua ya kuachishwa kazi aliyoipokea wiki hiyo hiyo, huyo ndiye anayezungumziwa hapa.

Zahanati zetu hukutana na wote wawili. Neno ‘mawazo’ peke yake hubeba mzigo mkubwa. Mgonjwa akisema ana mawazo anaweza kumaanisha madeni, majonzi, hofu ya ugonjwa, au sonona iliyokomaa. Ndiyo maana Dk. Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili, Dar es Salaam, walishughulika kutunga hojaji ya vipengele 19 ya kutambua sonona kwa mazingira ya Tanzania, waliyoiandikia mwaka 2008, badala ya kutegemea zilizotafsiriwa peke yake.

Suala la malezi nalo limo. Mtoto hazaliwi akijua kwamba ule moto kifuani unaitwa hasira. Huambiwa na mtu mzima anayemtazama na kumpa neno, na kwa mazoea huja kuliunganisha neno na moto ule. Mtoto asiyepata mtu wa kumpa maneno hayo hubaki na moto bila jina. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2023 na Julia Ditzer na wenzake ulithibitisha uhusiano kati ya kutendewa vibaya utotoni na aleksithimia ukubwani, na uhusiano ulikuwa wa nguvu zaidi pale mtoto alipopuuzwa au kuumizwa kihisia.

Wavulana wana sehemu yao ya ziada. Katika miaka ya 1990, mwanasaikolojia wa Marekani Ronald Levant alieleza kwamba kiasi fulani cha aleksithimia kwa wanaume hakitokani na maradhi bali na mafunzo wanayopewa tangu utotoni. Anayesoma habari hii na aliyewahi kuambiwa ‘jikaze, mwanamume halii’ akiwa na miaka minne hahitaji kuelezwa zaidi.

<b>Mapungufu ya vipimo</b>

Tafiti hizi zina udhaifu wake. Wa kwanza ni kwamba hojaji humtaka mtu asiyezijua hisia zake aeleze ni kwa kiasi gani hazijui, sawa na kumpa fomu ndefu ya maandishi mtu asiyejua kusoma ili aandike kiwango chake cha kusoma. Wa pili ni kwamba watu wenye sonona au wasiwasi mkubwa hupata alama za juu, na si rahisi kujua ni kipi kilichotangulia.

Kipimo cha kumtaka mtu ahesabu mapigo ya moyo wake bila kujishika mshipa, kilichotumiwa kwa miaka mingi kuonyesha kwamba wenye aleksithimia hawausikii mwili wao vizuri, nacho kimekosolewa. Anayejua kwamba moyo wa kawaida hupiga mara 70 hivi kwa dakika anaweza kukisia na kufaulu bila kusikia pigo hata moja.

Aidha, tafiti nyingi zinaonyesha kwamba mambo mawili huenda pamoja. Kuonyesha kwamba moja ndilo linalozaa lingine ni kazi ngumu zaidi, ingawa majeraha ya askari wa Vietnam yanasogeza jambo hilo karibu.

Pamoja na hayo, yapo ambayo familia inaweza kuyafanya bila kusubiri maabara. La kwanza ni kutamka. Mke mwenye mume wa namna hii akinyamaza na kungoja asomwe usoni, atangoja sana. Akisema, “Baba Neema, nina huzuni kwa sababu mama anaumwa, nataka ukae nami hapa,” amempa kile ambacho macho yake yameshindwa kumpa. Wengi wakishaambiwa hukaa.

La pili ni kuzipa hisia majina mbele ya watoto, za kwao na za wengine. Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha mwaka 2007 kwamba watu 30 walipotazama nyuso zenye hasira au hofu na kuichagulia kila hisia neno lake, mwamko wa amigdala, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari, ulipungua. Walipochagua tu jina la mtu linaloufaa uso huo, haikuwa hivyo. Kutaja jina la hisia hufanya kazi nyingine zaidi ya kuieleza.

Kuhusu tiba, mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Katherine Cameron na wenzake wa Canada na kuchapishwa mwaka 2014 yalikuta kwamba aleksithimia inaweza kupungua. Pale ambapo tiba ya mazungumzo ililenga moja kwa moja kutambua na kueleza hisia, alama zilishuka kwa kiasi cha kuonekana. Pale ambapo hali hiyo ilipimwa tu huku tiba ikilenga mambo mengine, matokeo yalitofautiana kutoka utafiti mmoja hadi mwingine.